Kuadhimisha Mapigano Bila Kuyarudia: Mwongozo kwa Kamati za Kumbukumbu za Maji Maji

Kamati inayokutana kwa mara ya kwanza kupanga kumbukumbu ya mapigano fulani huanza, karibu kila mara, na swali la nani awe mgeni rasmi, kisha huuliza ni vijana gani wataigiza vita. Swali la kwanza lisubiri. La pili ndilo linaloamua kama shughuli yenu itakuwa kumbukumbu au burudani ya mchana mmoja, na jibu langu ni kwamba mapigano yenyewe yasiigizwe. Yasimuliwe, yaimbwe, yaghaniwe. Muda wa uwanjani, mavazi, bajeti na jasho la wachezaji viende kwenye yale yaliyotangulia mapigano na yale yaliyofuata. Mfano nitakaoutumia ni shambulio la boma la Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, kwa sababu ni moja ya siku kubwa kabisa za Vita vya Maji Maji na ni siku ambayo watu wa upande wetu walishindwa. Ushindi una namna zake za kusherehekewa na hausumbui kamati. Siku ya kushindwa ndiyo inayohitaji akili. Kama mko Liwale, Nandete au Songea, mtabadilisha majina na majira ya mwaka, lakini hoja inabaki ile ile.

Tunachojua kuhusu asubuhi ile ya Mahenge ni kichache. Wapogoro na Wambunga, maelfu yao, walilishambulia boma lililokuwa na kikosi kidogo cha askari chini ya Kapteni Theodor von Hassel, pamoja na wamisionari waliokuwa wamekimbilia humo. Boma lilikuwa na bombomu mbili, rashasha za zama zile. Washambuliaji walikuja mchana kweupe wakiwa wameshika mikuki na magobori, wakiamini kinga ya maji waliyopewa, na mamia wakaanguka kabla ya kuufikia ukuta. Hata hivyo hawakutawanyika moja kwa moja: boma lilikaa katika mzingiro hadi kikosi cha Kapteni Ernst Nigmann kilipofika kutoka Iringa mwezi Septemba. Sasa jiulizeni habari hizi zimetufikiaje. Sehemu kubwa ya maandishi yanayoeleza mapigano yale yalitoka kwa watu waliokuwa ndani ya boma, wakitazama nje. Waliokuwa nje, wengi hawakubaki kusimulia, na waliobaki walikuwa na sababu nzuri za kunyamaza kwa miaka mingi. Kwa hiyo kundi la maigizo linaloahidi kuonyesha mapigano kama yalivyokuwa litajikuta, lipende lisipende, limesimama nyuma ya bombomu, maana shahidi wake alikuwa amesimama hapo. Umati utawatazama babu zake kwa macho ya aliyekuwa akiwalenga.

Kuna hesabu inayopaswa kuwa mezani kabla kamati haijagawa hata shilingi. Kwa vita nzima, kuanzia 1905 hadi 1907, serikali ya Kijerumani ilihesabu waliokufa upande wake kuwa Wazungu 15, askari 73 na wasaidizi wa kivita 316. Upande wa wananchi hesabu yake rasmi ilikuwa watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Umatumbi na jirani zake miaka ya 1960, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Chukueni makadirio yoyote mnayotaka; risasi peke yake haziwezi kueleza idadi hiyo. Kinachoieleza ni moto. Chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, vikosi vilichoma vijiji, mazao yaliyokuwa shambani na maghala, na njaa ikaingia mahali ambapo bunduki hazikufika. Asilimia kubwa ya wafu wa Maji Maji hawakufa wakikimbilia ukuta wa boma. Walifia porini wakichimba mizizi, au nyumbani wakisubiri msimu ambao hapakuwa na mbegu ya kuupandia. Tamasha la saa mbili linalotumia saa moja na nusu kwa mapigano linawasahau wengi ili kuwaonyesha wachache, nalo linafanya hivyo kwa jina la kuwakumbuka wote.

Tuongeze sababu ya jukwaani, ambayo walimu wa sanaa wanaijua vizuri ingawa ni nadra kuandikwa. Kifo cha vitani ni kitu kigumu mno kuigiza mchana, kwenye uwanja wa mpira, mbele ya watu wanaowajua wachezaji kwa majina yao ya nyumbani. Kijana anapigwa risasi, anaanguka, analala. Baada ya dakika mbili sisimizi anampanda shingoni, anajikuna, na watoto waliokaa mbele wanaangua kicheko. Mwingine alikufa karibu mno na spika, anainuka anasogea, halafu anakufa tena. Mshereheshaji naye, kwa nia njema, anatania kupitia kipaza sauti. Hakuna mwenye kosa hapo. Mwili ulio hai haukubali kuwa maiti juani kwa nusu saa, na umati unaocheka unafanya kile ambacho umati hufanya. Lakini kizazi kizima cha wanafunzi kinaondoka uwanjani kikikumbuka kicheko hicho. Fataki na baruti za kuigiza milio ya bunduki haziokoi hali. Zinaongeza kikwazo cha kibali, zinawatisha wazee na wanyama, na zinaleta moshi unaoficha hata kile kidogo kilichokuwa kinaonekana.

Pingamizi la kwanza mtakalolisikia ni kwamba vijana hawaji kusikiliza hotuba, wanakuja kuona vita, na kwamba wenzetu kwingine wanaigiza na umati unafurika. Ni kweli. Huko KwaZulu-Natal mapigano ya Isandlwana ya Januari 1879 yamekuwa yakiigizwa kwa mavazi kamili, na kila mwanzo wa Machi barabara za Addis Ababa hujaa watu waliovaa kama wapiganaji wa Adwa wa mwaka 1896. Tazameni lakini ni siku zipi hizo: Wazulu walishinda Isandlwana, Waethiopia walishinda Adwa. Anayeigiza ushindi anaimaliza hadithi yake amesimama. Wanairinga wana Lugalo yao, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski na kumuua yeye mwenyewe. Wakitaka kuigiza shambulizi lile sitawazuia, ingawa nitawakumbusha miaka saba ya vita iliyofuata, hadi kushindwa kwao. Mahenge haina mwisho wa namna hiyo. Kuhusu vijana, jibu ni kuwapa kazi ngumu yenye mdundo badala ya kazi rahisi ya kuanguka, na eneo letu lina hazina ya kazi hiyo. Ngoma ya beni ilizuka kwenye miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikaenea Tanganyika kupitia vyama kama Marini na Arinoti, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikasafiri na askari na wapagazi hadi bara. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Ilichukua gwaride, sare, vyeo na tarumbeta za wazungu ikavigeuza kuwa mchezo wa wenyeji, na mganda wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa na wa Ruvuma ni ndugu yake. Ndani ya ngoma za aina hii jeshi zima linaweza kuonekana, likatambulika, likadhihakiwa, bila risasi moja na bila maiti mmoja. Wapeni vijana gwaride la mganda lenye nidhamu kali ya kuwakilisha kikosi cha boma, na hawatawauliza tena habari za baruti.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Sehemu ya kwanza ya onyesho ijibu swali la kwa nini watu waliondoka majumbani mwao wakaenda kulikabili boma. Msiianze na Mzungu mwenye mjeledi. Kila mtu ameshamwona, na mjeledi huo unafanya dhuluma ionekane kama hasira ya mtu mmoja. Anzeni na daftari. Kodi ilidaiwa kwa rupia kutoka kwa watu ambao wengi wao hawakuwa na mahali pa kuipatia rupia isipokuwa kwa kazi ya mtu mwingine. Huko pwani na Umatumbi ulianzishwa mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja, chini ya maakida na majumbe, ambako kila mwanamume alitakiwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka, katika majira ambayo shamba lake mwenyewe lilikuwa linamhitaji, na malipo yakaja madogo kiasi kwamba wako waliokataa kuyapokea. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa mashina ya pamba, na hilo ndilo lililokuwa tangazo la vita. Onyesho linaweza kuyabeba haya yote kwa meza moja, karani mmoja na foleni ya watu kumi. Karani anaita jina, mtu anasogea, daftari linaandikwa, mtu anaondoka na jembe lake kuelekea upande usio wa shamba lake. Rudieni tendo hilo mara kumi bila kulifupisha. Umati utachoka, na uchovu huo ni sehemu ya mafunzo; kisha mashina ya pamba yang'olewe kwa mikono, yawe mashina ya kweli yenye udongo mizizini.

Maji yenyewe ndiyo mahali ambapo kamati nyingi huteleza. Ama yanaonyeshwa kama uchawi wa kijinga, mganga mwenye manyoya akirukaruka, ama yanafichwa kwa aibu. Vyote viwili vinawadhalilisha waliokufa. Maji yale yalitoka Ngarambe, Rufiji, kwa Kinjikitile Ngwale, yakachanganywa na mafuta ya nyonyo na punje za mtama, yakabebwa na wajumbe kutoka ukoo hadi ukoo. Watu wa makabila zaidi ya ishirini, wengi wao wasiokuwa na mfalme mmoja wala lugha moja, na wengine waliokuwa wamepigana wenyewe kwa wenyewe, waliweza kusimama dhidi ya serikali moja ndani ya wiki chache. Hilo halikufanywa na kemia ya maji. Lilifanywa na ahadi ambayo maji yaliibeba. Na tarehe zinasaidia hoja: Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku 26 kabla ya Mahenge. Waliolishambulia boma walikuwa wanafuata jambo lililokwisha kumpita mtu aliyelianzisha. Ebrahim Hussein aliliona hilo zamani katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969, ambayo kiini chake ni mgongano kati ya mtu na neno alilolitoa. Mkitaka kuitumia tamthilia hiyo, ombeni ruhusa ya mwenye haki na ulizieni taratibu katika Ofisi ya Hakimiliki, na chezeni onyesho kamili badala ya kunyofoa vipande vyenye kelele. Kama hamna waigizaji wa kiwango hicho, kuna njia nyepesi na nzuri zaidi: mzee mmoja, chungu kimoja, ukimya, na mtu mmoja kutoka kila ukoo uliohudhuria akisogea kutia kidole ndani ya maji na kutaja alikotoka. Chungu hicho kiwekwe maji safi ya kisima tu, na mshereheshaji asiseme lolote.

Kwa mapigano yenyewe tengeni dakika kumi, si zaidi, na zitolewe kwa sauti. Hapa utenzi ni mali yenu. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga utenzi wa Vita vya Maji Maji wakati wa utawala ule ule wa Wajerumani, na ulichapwa tena mwaka 1957. Mghani wenu anaweza kujifunza humo namna mtunzi wa zama zile alivyoibeba habari ya vita kwa mizani, kisha mshairi wa kwenu atunge beti mpya kuhusu Mahenge. Beti arobaini zikighaniwa kwa taratibu, bila kinanda, zinatosha kabisa. Mghani akifika mahali pa bombomu, ngoma inyamaze. Msiweke sauti ya risasi kwenye spika.

Baada ya utenzi yanakuja majina, na hili ndilo jambo ninaloomba kamati ilitumie muda mwingi kuliko jingine lolote, kwa kuwa linahitaji miezi ya kutafuta na dakika chache tu za kuonyesha. Songea wamebahatika kwa namna ya kusikitisha. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni, na mashujaa 67 wanaokumbukwa pale wana majina, kwa sababu mahakama ya kijeshi iliandika na kwa sababu padre Mbenediktini Johannes Häfliger aliwabatiza baadhi yao kabla ya kunyongwa. Kati yao yumo mwanamke, Nkomanile, na kila mwaka tarehe hiyo watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Maji Maji wakijua wanamkusanyikia nani. Waliokufa mbele ya boma la Mahenge hawakuandikiwa orodha ya namna hiyo. Basi tumeni watu kwenye kila kijiji, wakae na wazee, waulize ni nani katika ukoo huo hakurudi. Wekeni kanuni moja na mwishikilie: jina linaingia kwenye orodha likithibitishwa na watu wawili wa matawi tofauti ya ukoo, na likikosa uthibitisho linaandikwa kwenye daftari la pembeni, halitupwi. Pale ambapo jina la mtu limepotea, jina la kijiji au la ukoo lisomwe badala yake. Siku ya siku, msomaji awe mmoja, mwenye sauti kavu isiyolia. Ataje jina, ngoma ipigwe pigo moja, jina linalofuata. Kwa mwendo wa sekunde sita kwa kila jina, orodha ya majina 67 haimalizi hata dakika saba. Mratibu wa itifaki atakayesema kwamba muda hautoshi aonyeshwe hesabu hiyo.

Kisha njaa. Kwa uzito wa hesabu niliyoitoa mwanzo, sehemu hii inastahili kuwa ndefu kuliko zote, na bahati nzuri ndiyo ambayo wazee wa kike wanaijua kwa mikono yao. Watu wa kusini, mazao yao yalipochomwa, walikula mizizi ya porini, na baadhi ya mizizi hiyo ni sumu mpaka itengenezwe. Ndiga ni mfano wenye kutisha na kufundisha kwa pamoja: kiazi cha mwituni ambacho humenywa, hukatwa vipande vyembamba, hulowekwa kwenye maji yanayotembea kwa siku kadhaa mpaka sumu itoke, ndipo hukaushwa na kutwangwa. Mwenye njaa ya kweli hawezi kusubiri siku hizo, na asiyesubiri anaweza kufa. Waombeni akina mama wanne au watano waifanye kazi hiyo uwanjani, polepole, kila mmoja akiwa na hatua yake: huyu anamenya, huyu anakata, huyu anabadilisha maji, huyu anatwanga. Msimulizi aeleze nini kinafanyika na kwa nini. Wimbo wa kutwangia uwe ule wanaouimba wenyewe, si uliotungwa ofisini kwa ajili ya siku hiyo. Hili ni onyesho mubashara kwa kila maana ya neno, na hakuna mtoto atakayelicheka, maana watoto wanajua kutazama kazi. Tahadhari ni mbili. Viazi hivyo visionjwe na mtu yeyote, na baada ya kipindi vifukiwe mbele ya afisa afya. Na chakula cha wageni kisiandaliwe mahali ambapo harufu ya pilau itapita juu ya vichwa vya akina mama hao wakati wanasimulia njaa; jambo dogo, lakini litaonekana.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu askari. Walioishika bombomu hawakuwa Wajerumani pekee. Jeshi la Kijerumani liliandikisha Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi, Wasukuma na wengine, na katika vita hivi watawala kadhaa wa Kiafrika, wakiwemo wa Uhehe, walisimama upande wa serikali au walikaa pembeni. Wajukuu wa hao wote ni Watanzania walioketi kwenye viti vile vile. Wako wanaosema, basi tusilichokonoe, tuseme tu kwamba mkoloni alitushambulia. Naelewa woga huo, ila nadhani unakosea mahali pawili. Kwanza, kila ukoo wa Ulanga, wilaya yenye Mahenge, unajua nani alikuwa wapi, hivyo kimya cha kamati hakifichi kitu. Kinaifanya kamati ionekane haijui mambo. Pili, askari asiye na sauti kwenye onyesho anageuka shetani au kivuli, na wote wawili wanatuondolea swali la maana kuliko yote, la jinsi utawala wa watu wachache ulivyoweza kuwafanya wengi wafyatuliane risasi. Mpeni askari mistari. Aseme alikotoka, alivyoandikishwa, mshahara wake, alichokiona kutoka ukutani. Na kama mnaogopa kwamba maneno hayo yatawasha moto, mnayo dawa ambayo nchi nyingi hazina. Wangoni na Wahehe, waliopigana vibaya sana karne ya 19, leo ni watani, na mtani ndiye anayeruhusiwa kuingia msibani akasema yale ambayo mfiwa hawezi kusema. Alikeni watani wa kweli, waliokubaliana mapema na wazee kuhusu mipaka, wamjibu askari kwa utani wa msibani. Watu watacheka, ndiyo. Kicheko hicho kina mahali pake katika mazishi yetu tangu zamani, na ni tofauti kabisa na kile cha maiti anayejikuna.

Ndipo tunarudi kwa mgeni rasmi. Itifaki si adui. Inahitaji kuwekewa mpaka. Maadhimisho ya kitaifa ya Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, yana umbo ambalo wananchi wengi wanalifahamu: mwenge wa kumbukumbu, silaha za jadi zinazowekwa mnarani, mkuki na ngao kwa Rais, sime kwa Mkuu wa Majeshi, shada la maua kwa kiongozi wa mabalozi, kisha dua na sala za dini mbalimbali. Nguvu ya shughuli ile ni kwamba kila mtu anatenda jambo moja mnarani. Igeni hilo. Mkuu wa wilaya aweke ngao, mzee wa ukoo aweke shoka, mwanafunzi aweke jembe, na hotuba moja tu itolewe mwishoni, dakika kumi na tano. Kama kuna mgeni kutoka Ujerumani, aketi na asikilize majina yote kabla hajapewa nafasi ya kusema. Rais Frank-Walter Steinmeier alipofika Songea Novemba 2023 na kuomba radhi, uzito wa maneno yake ulitokana kwa kiasi kikubwa na kwamba aliyasema kwenye Makumbusho ya Maji Maji, mbele ya kizazi cha Chifu Songea Mbano. Angeyasema kwenye ukumbi wa mikutano, yangekuwa tamko tu.

Mambo ya uendeshaji nitayapitia haraka, maana maafisa utamaduni wenu wanayajua. Polisi wapewe taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla, na mkitaka kuchimba shimo la nguzo au kujenga jukwaa karibu na jengo la boma la zamani, ulizeni kwanza idara ya Mambo ya Kale, kwa sababu sheria ya mwaka 1964 inalinda maeneo ya namna hiyo na kibali huchukua muda. Tarehe 30 Agosti iko kiangazi, barabara za Ulanga zinapitika, hivyo tatizo lenu ni kivuli na maji ya kunywa. Wenzenu wa Songea, ambao siku yao iko katikati ya masika, wanunue maturubai kabla ya kununua kofia na fulana za kamati. Vipaza sauti viwili vizuri ni bora kuliko sita vya kukodi vinavyopiga mluzi. Onyesho zima lisizidi saa mbili, na lianze saa tatu asubuhi kabla jua halijakaza.

Jambo la mwisho la kupanga ni la baada ya siku yenyewe, na fedha zake zitengwe mwanzoni, la sivyo zitaliwa na usafiri. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa wilayani kukusanya masimulizi ya Maji Maji kutoka kwa wazee waliokuwa wameiona vita au waliosimuliwa na walioiona. Wazee hao wote wamekwisha kufa, na leo yeyote anayeandika kuhusu vita ile hana budi kuyarudia makaratasi yale. Kamati yenu itakuwa imekusanya orodha ya majina, daftari la pembeni la majina yasiyothibitishwa, beti za mghani, nyimbo za kutwangia na maneno ya wajukuu wa askari. Chapeni nakala nne. Moja ibaki ofisi ya kijiji, moja maktaba ya sekondari iliyo karibu, moja kwa afisa utamaduni wa wilaya, moja ipelekwe Makumbusho ya Taifa kwa barua yenye muhuri na majina ya waliotoa habari, kwa ridhaa yao. Daftari la pembeni likabidhiwe kwa mtu mmoja anayejulikana, mwenye jukumu la kulifungua tena mwezi Mei mwaka unaofuata na kwenda kutafuta yule shahidi wa pili.